Muteesa wa Kwanza: Kabaka aliyewageuza wageni kuwa ngao ya Buganda

Katika kilima cha Kasubi, jijini Kampala, chini ya paa kubwa la nyasi, amezikwa mtawala aliyekabiliwa na swali ambalo mikuki na mitumbwi ya kivita haikuweza kulijibu: ufalme usio na mizinga utajilinda vipi dhidi ya dola iliyo nayo?

Kabaka Muteesa wa Kwanza alirithi kiti cha Buganda mwaka 1856, baada ya kifo cha baba yake, Suna wa Pili. Awali aliitwa Mukaabya, yaani mwenye kuliza watu, na alitawala kwa njia zilizozoeleka: vita dhidi ya majirani na adhabu ya kifo kwa waliomkosea.

Katika miaka ya 1870 njia hizo hazikutosha tena. Misri ilikuwa ikijitanua kusini kufuata mto Nile, na Kanali Charles Gordon, gavana wa Ikwatoria tangu mwaka 1874, alitaka kufika kwenye maziwa makuu. Jirani yake, Kabalega wa Bunyoro, alikuwa amekwisha kupigana na Wamisri. Muteesa alichagua njia nyingine.

Kupitia wafanyabiashara wa Zanzibar alijifunza Kiswahili na Kiarabu, na kwa takriban miaka kumi alifunga Ramadhani. Hata hivyo alikataa kutahiriwa, kwani mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875, Muteesa alikubali waalimu wa Kikristo waitwe kutoka Uingereza. Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, alibaki ikuluni akiwa mwandishi wake.

Mwaka 1876 askari 160 wa Misri, wakiongozwa na Nuehr Aga, waliingia katika mji mkuu wake, Lubaga. Muteesa hakuwashambulia. Aliwapokea, kisha akawazingira, hadi Gordon alipolazimika kumtuma Emin kuwatoa kwa mazungumzo. Ndoto ya Misri kuitwaa Buganda haikutimia.

Waanglikana waliwasili mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879. Muteesa aliwaacha washindane na Waislamu mbele yake, bila kulipa kundi lolote ushindi kamili. Mwaka huohuo wa 1879 wajumbe wake watatu walianza safari ya kwenda London, ambako walipokelewa na Malkia Victoria.

Mkakati huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1876 Muteesa aliamuru kuuawa kwa makumi ya vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Mizani yote ilishikiliwa na mkono wake peke yake, na hakujenga chombo cha kuishika baada yake.

Alifariki dunia Oktoba 1884. Mwanawe, Mwanga, aliyerithi kiti akiwa na umri wa takriban miaka 16, alipinduliwa mwaka 1888. Wafuasi wa dini zilizokuwa zikijadiliana ikuluni walichukua silaha, na mwaka 1894 Buganda ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Makaburi ya Kasubi yaliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Yaliteketea kwa moto Machi 2010, kisha yakajengwa upya. Nyumba imeweza kusimamishwa tena. Mizani ya Muteesa haikupata wa kuirithi.