Kiriba cha Maji Kwenye Uwanja wa Vita: Maisha ya Bhai Kanhaiya

Wengi wetu tumewaona Masingasinga tangu utotoni. Tumeviona vilemba vyao kwenye karakana, kwenye viwanda vya mbao na kwenye mashindano ya magari ya Safari Rally. Wakenya huwaita Makalasinga, na jina hilo halina ubaya. Aliyewakaribia zaidi huwa anajua mambo mawili juu yao. La kwanza, Msingasinga aliyepokelewa rasmi katika udugu wao huvaa upanga mdogo kiunoni, hata akiwa hekaluni. La pili, katika hekalu hilo hilo mtu yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kabila lake.

Mambo haya mawili ni kama hayapatani. Mtu wa amani anataka upanga wa nini? Na mtu wa upanga, chakula cha bure kinamhusu nini? Tumeona vema kulitafuta jibu katika maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1718, ambaye Masingasinga wote wanamfahamu na sisi Wakatoliki wa huku wachache tumemsikia. Anaitwa Bhai Kanhaiya. Bhai maana yake ni ndugu, na tunaoishi na mabruda tunaelewa uzito wa jina hilo.

Kanhaiya alizaliwa mwaka 1648 huko Sodhra, karibu na Wazirabad, katika sehemu ya Punjab ambayo leo iko Pakistan. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye mali. Mapokeo yanasimulia kwamba kijana huyu alikuwa akijaza sarafu mifukoni asubuhi na kurudi nyumbani mifuko mitupu, kwa kuwa zote alizigawa kwa wahitaji. Baadaye akaacha biashara, akafuatana na watawa wanaozunguka, akitafuta kitu ambacho fedha ya baba yake haikuweza kumpa. Alikipata kwa Guru Tegh Bahadur, mwalimu wa tisa wa Masingasinga, akawa mfuasi wake.

Kazi aliyoipenda ilikuwa maji. Katika kijiji cha Kavha, upande wa Attock, alifungua nyumba ya wageni ambamo msafiri aliyepita, awe Mwislamu, Mhindu au nani, alipata maji na mahali pa kupumzika. Ni kazi isiyo na jina kubwa. Tuliowahi kuchota maji kisimani kwa zamu tunajua jinsi ndoo ya kumi inavyokuwa nzito kuliko ya kwanza.

Hapa inatubidi tusimame kidogo tueleze habari za upanga, maana bila hiyo yaliyomkuta Kanhaiya hayaeleweki. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hii aliyezaliwa mwaka 1469, hakuongoza jeshi. Jamaa yake ilikuwa ya sala, kazi na kushirikiana chakula. Mambo yaligeuka mwaka 1606, Guru Arjan, wa tano, alipofariki mjini Lahore mikononi mwa watawala wa dola ya Mughal. Mwanawe Hargobind akaanza kuvaa panga mbili, moja ikiwa ishara ya mamlaka ya roho, nyingine ya mamlaka ya dunia. Mwaka 1675 ikawa zamu ya Guru Tegh Bahadur mwenyewe. Alikatwa kichwa Delhi wakati wa mfalme Aurangzeb, na Masingasinga wanaamini kwamba alitoa uhai wake akitetea haki ya Wahindu wa Kashmir kushika dini yao, dini ambayo haikuwa yake. Alimwacha mtoto wa miaka tisa.

Mtoto huyo ndiye Guru Gobind Singh. Mwaka 1699, katika sikukuu ya Vaisakhi mjini Anandpur, aliunda udugu wa Khalsa na kuwapa waliojiunga alama tano: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula na upanga. Alianzisha pia siku ya Hola Mohalla, ambapo vijana walishindana kupanda farasi na kupigana vita vya mazoezi. Hatuandiki haya ili kuusifu upanga. Ila haki inatutaka tuseme kwamba aliwafundisha kuutumia baada ya njia nyingine zote kushindikana, na kwa ajili ya kumlinda anyonge. Kwamba kila aliyeuvaa aliishika sheria hiyo ni jambo jingine, na Wakristo ambao mababu zao walikwenda vita vya msalaba hatuna kiburi cha kuwahukumu.

Mji wa Anandpur ulishambuliwa mara kadhaa na marajah wa milimani pamoja na majeshi ya Mughal, na katika miaka ya 1704 na 1705 ukazingirwa kabisa. Njaa ikaingia ndani ya ngome. Kanhaiya, ambaye sasa alikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini na mitano, alikuwa humo. Hakushika silaha. Alitundika kiriba cha ngozi begani na kuingia katikati ya majeruhi baada ya kila pambano, akiwanywesha waliolala chini.

Wapiganaji wakamtazama kwa siku kadhaa, kisha wakaona kitu kilichowakasirisha. Kiriba chake hakikuchagua. Alimnywesha Msingasinga, akavuka hatua tatu, akapiga magoti kwa askari wa Mughal na kumnywesha naye. Wakaenda kumshtaki kwa Guru. Walisema kwamba watu waliowaangusha kwa shida kubwa wanapata nguvu kwa maji ya Kanhaiya na kurudi kuwapiga. Wengine walimwona kama msaliti.

Tunawaomba wasomaji wasiyapite haraka mashtaka haya, na zaidi ninyi waseminari, kwa sababu tumezoea kusimulia habari za watu wema kana kwamba waliowapinga walikuwa wapumbavu. Hawa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamezingirwa, wana njaa, wamezika ndugu zao, na waliyosema yalikuwa kweli: mtu aliyenyweshwa anaweza kuinuka. Huruma ya Kanhaiya ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ingeweza kulipwa na mwingine aliyesimama ukutani. Anayefundisha kumpenda adui bila kulitaja jambo hili hajawahi kuwa na adui.

Guru akamwita Kanhaiya mbele ya walalamikaji na kumwuliza kama ni kweli. Kanhaiya hakukana. Alieleza kwamba anapotembea kati ya majeruhi haoni rafiki wala adui, na kwamba katika kila uso anauona uso wa Guru wake. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Guru Gobind Singh alikuwa jemadari wa vita ile. Baba yake aliuawa na dola iliyowatuma askari wale. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumzuia Kanhaiya, ni yeye. Badala yake aliwaambia waliomshtaki kwamba mtu huyu ndiye aliyeyaelewa mafundisho, kisha akampa marhamu na vitambaa vya kufungia vidonda, ili tangu siku hiyo asiwape maji tu bali awatibu, wa upande huu na wa upande ule. Aliyewapa watu upanga ndiye aliyempa Kanhaiya dawa. Hapo ndipo tunapoona jibu la swali tuliloanza nalo: kwa Masingasinga upanga una mipaka, na mpaka wake ni mtu aliyekwisha kuanguka.

Henry Dunant aliona majeruhi wa Solferino mwaka 1859, na kutokana na hayo likazaliwa shirika la Msalaba Mwekundu, zaidi ya miaka 150 baada ya Anandpur. Na kwetu yuko Mtakatifu Kamili wa Lellis, askari na mcheza kamari aliyeongoka, ambaye watawa wake wenye msalaba mwekundu kifuani walikwenda kuwahudumia askari vitani. Alifariki mwaka 1614, miaka 34 kabla Kanhaiya hajazaliwa. Mmoja hakusikia habari za mwingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kutoyakataa yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini nyingine. Tamko hilo halikuwataja Masingasinga kwa jina, lakini tunapomsoma Kanhaiya tunaona linawahusu.

Anandpur iliachwa. Wana wote wanne wa Guru waliuawa, wawili vitani Chamkaur na wawili wadogo huko Sirhind, na Guru mwenyewe alifariki Nanded mwaka 1708. Kanhaiya alirudi Sodhra na kuishi huko hadi mwaka 1718. Nyuma yake walibaki watu walioitwa Sevapanthi, yaani wafuasi wa njia ya huduma, wakiongozwa kwanza na Seva Ram, kisha na Addan Shah. Waliishi bila kuoa, wakahudumia wageni na wagonjwa, na kwa kuwa hawakutaka kula sadaka za watu walisokota kamba na kuziuza. Tungependa jambo hili la kamba lisomwe polepole katika nyumba zote za malezi, hii yetu ikiwemo.

Masingasinga walipoanza kutoka Punjab kwenda nchi za mbali, walibeba vyote viwili, upanga na kiriba. Katika Afrika yetu upanga ulitangulia kwa njia isiyo ya kujivunia sana, kwa kuwa baadhi ya Masingasinga wa kwanza walikuja wakiwa askari wa Waingereza na walitumika kuwatiisha wenyeji. Wengi zaidi walikuja kama maseremala, waashi na wahunzi wa reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Kisumu. Leo katika miji ya Uingereza na Kanada watoto wao hujifunza gatka, mchezo wa fimbo na panga uliotokana na mazoezi ya zamani ya vita, na huuonyesha barabarani siku ya Vaisakhi. Kulinda urithi huo ugenini si rahisi. Mwaka 2006 ilibidi Mahakama Kuu ya Kanada iamue kwamba mwanafunzi Msingasinga anaweza kwenda shule na upanga wake mdogo, mradi umeshonewa ndani ya nguo.

Lakini tunavyoona sisi, upanga ndio ulio rahisi zaidi kuutunza. Ukishauvaa umeuvaa. Kiriba hukauka kila jioni na kesho yake lazima kijazwe tena, na wa kukijaza ni kijana ambaye wazazi wake wangependa awe ofisini. Mwaka 1999, miaka 300 baada ya Khalsa kuundwa, Masingasinga wa Uingereza walianzisha shirika la misaada la Khalsa Aid na kuanza kwa kuwasaidia wakimbizi wa Kosovo. Walichukua jina la udugu wa wapiganaji na kulipa kazi ya Kanhaiya.

Walio karibu nasi wako Makindu, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Wajenzi wa reli walikuwa wakikusanyika hapo kusali, na mwaka 1926 hekalu likajengwa. Reli ilipohamisha shughuli zake watu wengi waliondoka, na mahali hapo pangeweza kufa. Hapakufa. Msafiri yeyote akifika huvua viatu, hufunika kichwa, hunawa, kisha huketi na kupewa chapati, dengu na chai, na akichelewa njiani hupewa mahali pa kulala. Hakuna bei iliyoandikwa ukutani. Akimaliza kula hupeleka sahani yake mwenyewe panapooshewa vyombo.