BWANA ATWATER, MUTU ALIYEPIMA NGUVU YA CHAKULA



Katika gazeti hili letu dogo tumezoea kusimulia maisha ya watu wakubwa wa zamani. Mara hii tumechagua mutu ambaye watu wa shimi na watu wa hospitali wanamujua sana, lakini sisi wengi tulikuwa hatujasikia jina lake. Walakini kazi yake tunaishika kwa mikono kila mara tunaponunua mukebe wa maziwa.

Mambo yalianza hivi. Wenzetu wawili wa mwaka wa tano walibishana kwa meza juu ya karatasi iliyobandikwa kwa mukebe wa maziwa ya unga. Iliandikwa pale kwamba gramu 100 za maziwa zina lipidi gramu 26, protini gramu 26, glusidi gramu 38, na nguvu ya kalori 490. Mumoja alisema hesabu ile ya kalori ni bure tu, fabriki inaandika inavyopenda ili watu wanunue. Mwenzake alikataa, lakini alishindwa kueleza. Tukapeleka mukebe kwa mwalimu wetu wa shimi. Akacheka, akatuambia tuchukue kalamu: lipidi tuzidishe mara 9, protini mara 4, glusidi mara 4, kisha tujumlishe. 234 na 104 na 152. Jibu: 490 kamili. Tulinyamaza wote. Halafu tukamuuliza nani aliyetoa hizo 4 na 9. Akatutajia Wilbur Olin Atwater. Basi tulitafuta habari zake, na ndizo hizi.

1. UTOTO NA MASOMO

Atwater alizaliwa tarehe 3 Mei 1844 katika Johnsburg, jimbo la New York, kule Marekani. Baba yake alikuwa pasta wa Wametodisti, tena mutu wa kupinga pombe. Mushike neno hili, litarudi mbele.

Alisoma katika chuo cha Wametodisti kinachoitwa Wesleyan, katika muji wa Middletown, jimbo la Connecticut, akamaliza mwaka 1865. Kwa muda alifundisha katika shule, sawa walimu wetu. Kisha akaingia Yale, na mwaka 1869 akapata udaktari wa shimi. Munajua alisoma nini kwa kupata udaktari ule? Mahindi! Alichukua mahindi ya namna mbalimbali ya Marekani, akatafuta ndani yake mna vitu gani na kwa kipimo gani. Wakati ule watu wengi walifikiri kitu kama mahindi si kazi ya mutu mwenye elimu. Yeye hakuona haya.

Kisha akavuka bahari, akasoma Leipzig na Berlin. Huko Udachi aliona jambo lililomushangaza: serikali ilikuwa na mashamba na maabara ambamo wenye elimu walifanya kazi kwa faida ya wakulima. Aliporudi kwao hakuacha kusema juu ya jambo lile mpaka likafanyika. Mwaka 1873 alikuwa mwalimu wa shimi katika Wesleyan, na mwaka 1875 kituo cha kwanza cha jimbo cha kupima mambo ya kilimo katika Marekani kilifunguliwa mule mule katika chuo chake.

2. KUTOKA UDONGO KWENDA KWA SAHANI

Kwanza alipima mbolea na mimea. Kisha akapima nyama ya samaki wa Marekani wa kila namna. Mwaka 1882 alirudi Udachi, katika muji wa München, kwa mwalimu Carl Voit, aliyekuwa anachunguza namna mwili wa mutu unavyotumia chakula. Pale ndipo akili yake ilipogeuka. Aliona kwamba haitoshi kujua chakula kinamea namna gani. Inafaa kujua pia kinafanya nini ndani ya mutu.

Tueleze kidogo kalori ni nini, kwa wadogo wetu wa mwaka wa kwanza. Ukiweka makala katika babula na sufuria ya maji juu yake, makala inaungua na maji yanapata moto. Kalori kubwa moja, ndiyo ile ya chakula, ni moto unaotosha kuongeza joto la kilo moja ya maji kwa digri moja. Chakula nacho kinaungua ndani yetu, lakini polepole, bila ndimi za moto. Kwa moto huo tunatembea, tunalima, tunafikiri, na mwili unabaki na joto lake hata tukilala.

Mwaka 1887 Atwater alianza kuandika mambo haya katika gazeti kubwa la Marekani, kwa lugha ya watu wote. Kwa njia hiyo watu wa kawaida kule walianza kujua neno kalori.

Tena hakubaki katika maabara tu. Yeye na wenzake walienda katika nyumba za watu, New York, Chicago na kwingine, wakapima kila chakula kilichonunuliwa na kila kilichotupwa. Katika miaka 1895 na 1896 walipima chakula cha Weusi wakulima karibu na Tuskegee, jimbo la Alabama. Walikuta watu wale wanakula hasa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali nyeusi ya miwa. Nguvu ya kazi ilikuwapo, lakini protini ilikuwa kidogo sana. Sisi tuliposoma habari hiyo tuliangaliana. Mutu anaweza kushiba na mwili wake ukabaki na njaa. Hata kwetu mutoto anaweza kula bugali ya muhogo mpaka tumbo likajaa, na bado akaugua kwa kukosa protini na vitu vingine vinavyojenga mwili.

Mwaka 1896 Atwater na mwenzake Charles Woods walitoa kitabu chenye hesabu za vyakula vya Marekani, vipimo karibu 2600. Kwa miaka mingi watu wa chakula waliendelea kukitumia.

3. CHUMBA CHA SHABA

Sasa tufike kwenye kazi yake kubwa. Watu wa elimu walikuwa wanajua kwamba katika mashine nguvu haipotei: inayoingia kama makala inatoka kama kazi na joto. Lakini je, mutu naye yuko chini ya sheria hiyo? Wengi waliona mutu ni kitu kingine kabisa.

Tangu mwaka 1892 Atwater, pamoja na mwalimu wa fizika Edward Rosa, walijenga chumba cha ajabu chini ya nyumba moja ya chuo. Kilikuwa kidogo: urefu zaidi kidogo ya metri 2, upana metri moja na kidogo. Kuta zake zilikuwa za shaba ndani na zinki inje, kisha mbao, ili joto lisitoroke. Ndani muliwekwa kitanda cha kukunja, meza na kiti. Maji ya baridi yalipita katika bomba na kubeba joto lote la mwili, na wao walipima maji yale yameongeza digri ngapi. Chakula kilipitishwa kwa tundu lenye milango miwili. Hewa iliyoingia na iliyotoka ilipimwa. Mukojo na mavi navyo vilipimwa, musicheke, maana bila hivyo hesabu isingekamilika.

Waliokubali kufungiwa mule walikuwa vijana na watumishi wa chuo. Walikaa siku nyingi, usiku na muchana. Siku nyingine walipumzika tu, siku nyingine walipanda kinga isiyoenda mahali, wakazungusha pedali saa nyingi.

Jibu lilikuwa wazi. Nguvu iliyoingia kwa chakula na nguvu iliyotoka kwa joto na kazi zilikuwa karibu sawasawa kabisa. Mutu naye yuko chini ya sheria ile ile.

Na zile 4 na 9? Ukichoma gramu moja ya protini katika chombo cha chuma, inatoa kalori 5 na nusu na zaidi. Lakini mwili hauwezi kuchoma protini yote mpaka mwisho. Sehemu ya nguvu inatoka katika mukojo, na sehemu ya kila chakula haisagwi tumboni. Atwater alitoa zile zinazopotea, akapata zinazobaki: protini 4, glusidi 4, lipidi 9. Hizo ndizo hesabu za mwalimu wetu. Katika Marekani sheria ya mwaka 1990 iliagiza vyakula vya fabriki viandikwe vitu vilivyomo, na inchi nyingi zilifanya vilevile. Fabriki haichomi kila mukebe. Kwa kawaida inapima vitu vitatu na kuzidisha kama sisi tulivyofanya. Kwa hiyo wenzetu wawili, kila mumoja alikuwa na haki kidogo: ni hesabu ya kalamu, lakini si hesabu ya bure.

4. KESI YA POMBE

Hapa tunafika kwenye neno tuliloambia muushike. Wakati ule shule za Marekani zilifundisha watoto kwamba pombe ni sumu tu na kwamba mwili hauwezi kabisa kuitumia. Mwaka 1899 Atwater alitangaza alichoona katika chumba chake. Watu waliopewa pombe kidogo waliichoma karibu yote, na mwili ukapata nguvu kutoka ndani yake, karibu kalori 7 kwa gramu.

Ikawa makelele makubwa. Vyama vya kupinga pombe vilimushambulia, na watu wa kanisa lake mwenyewe walisikitika sana. Mwana wa pasta! Mwalimu wa chuo cha Wametodisti! Na juu ya hayo wauza-pombe walifurahi, wakachukua jina lake katika matangazo yao, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo. Hakusema kwamba pombe ni nzuri. Aliona ubaya wake katika maisha ya watu sawa wengine walivyouona. Lakini alishikilia kwamba si vizuri kufundisha watoto neno lisilo kweli, hata kama tunataka kuwaongoza katika njia njema.

Katika kikundi chetu cha gazeti tulibishana sana juu ya jambo hili. Mumoja wetu alisema angenyamaza tu, kwa sababu ya kuogopa kukwaza wadogo. Wengine tulisema: mutoto akigundua siku moja kwamba ulimudanganya katika jambo dogo, hatakuamini katika jambo kubwa. Sababu za kweli za kukataa pombe zinatosha. Tunaziona mitaani kwetu kila siku ya mushahara, na hazihitaji kuongezewa uongo.

5. ALIPOKOSEA

Tusimufanye malaika. Atwater alifikiri mufanyakazi anahitaji protini gramu 125 kwa siku. Leo wenye elimu wanasema mutu muzima wa kilo 70 anatosheka na karibu 60. Na kosa lingine ni kubwa zaidi. Kwa kuwa mboga za majani zina kalori kidogo, aliona kwamba maskini anapoteza feza zake akizinunua, afazali unga na maharagi. Hakujua vitamini. Jina lenyewe la vitamini lilitokea mwaka 1912, wakati yeye alikuwa amekwisha kufa.

Kwa hesabu yake sombe na lenga-lenga vingeonekana kitu kidogo. Lakini mama zetu, wasiojua kalori, walipika bugali na sombe, wakatia mafuta ya mawese na ndakala. Leo tunajua sababu: bugali inatoa nguvu, ndakala na maharagi vinatoa protini, majani yana vitamini na madini, na mawese mekundu yana kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A ya macho. Kwa hiyo ukisoma karatasi ya mukebe, usiishie kwa kalori. Chupa ya maji ya sukari ina kalori nayo, lakini haina kitu kingine.

Lakini mambo mengine aliyaona vizuri. Alionya Wamarekani kwamba wanakula mafuta na sukari kupita kazi wanayofanya, na alishauri watu wale vyakula mbalimbali kwa kiasi.

6. MWISHO WAKE

Mwaka 1904 alipigwa na ugonjwa wa kupooza, hakuweza kazi tena. Alikufa Middletown tarehe 22 Septemba 1907, na miaka 63. Francis Benedict, aliyefanya kazi pamoja naye, aliendeleza vipimo. Binti yake Helen naye alitumia maisha yake kwa kueleza watu mambo ya chakula.

Wandugu, sisi tumepata mafundisho mawili kwa mutu huyu. La kwanza, hakuna kitu kidogo mbele ya elimu: alianza na punje za mahindi. La pili, alipima, akasema alichoona, hata kilipouzi watu wa kwake. Na pale ambapo hakupima, yaani kwa mboga, alikosea.

Na wale wenzetu wawili? Siku hizi hawabishani tena. Kila mukebe unaofika kwa meza wanaunyanganyana ili wapige hesabu kabla haujafunguliwa, na sisi wengine tunangoja na njaa yetu.

Kikundi cha gazeti