Thomas Odhiambo: Profesa wa wadudu aliyelipa wazo makao

Ukipita River Road siku yoyote, utaona vijana kwenye vibanda vidogo wakifufua simu na redio ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Akili tunayo. Mashindano pia tunayo: kila mwaka wanafunzi hubeba mabango na mitambo yao hadi KSEF na Young Scientists Kenya. Mshindi hupigiwa makofi, anapewa cheti, picha zinapigwa. Halafu? Mara nyingi mtambo hurudi shule na kutupwa stoo.

Kuna Mkenya aliyeling'amua tatizo hili mapema sana. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa wachanga alipofariki, Mei 26, 2003.

Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931. Alisomea Maseno, akaenda Makerere, kisha Cambridge, Uingereza, alikopata shahada ya uzamifu. Alichochagua kusomea ni wadudu! Hebu fikiria: hao hao tunaowakanyaga bila hata kuangalia chini. Lakini kwa mkulima, mdudu ni njaa. Kwa mfugaji, mbung'o ni kifo cha ng'ombe.

Angeweza kubaki ng'ambo. Alirudi nyumbani, akafundisha katika chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1967 aliandika makala katika jarida la Marekani, Science, kuhusu sayansi na maendeleo Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa wazi: bila vituo vya utafiti vya hali ya juu hapa hapa, vipaji vyetu vitapotea. Wanasayansi wakubwa wa nje waliisoma, wakamuunga mkono.

Mwaka wa 1970 kituo hicho, ICIPE, kilizaliwa Chiromo, mwendo mfupi tu kutoka River Road ukipanda kuelekea Westlands. Makao makuu ya Duduville, kule Kasarani, yalikuja baadaye. Odhiambo alikiongoza kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 1985 alishiriki pia kuanzisha Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka wa 1987 alituzwa Tuzo ya Afrika ya kupambana na njaa, pamoja na Rais wa Senegal, Abdou Diouf.

Lakini tuzo si kipimo. Angalia kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Watafiti wa ICIPE na washirika wao walibuni mbinu rahisi ajabu: panda desmodiamu katikati ya mahindi, nyasi za nepia pembeni. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua. Nepia huwavuta nje ya shamba. Isitoshe, desmodiamu huzuia gugu la striga, na ng'ombe hupata lishe. Odhiambo hakuibuni yeye mwenyewe. Alijenga nyumba ambamo ingebuniwa, na kituo hicho cha Mbita leo kina jina lake.

Kwa hivyo wewe unayejiandaa kwa shindano lijalo, shinda, chukua cheti chako. Kisha uliza: nani ataendelea na kazi hii nami Jumatatu? Na shule, kaunti na wafadhili wanaopenda kupigwa picha na washindi wajiulize: baada ya makofi, huyu mtoto atafanyia kazi wapi?