Ahmad bin Majid: Mwalimu wa Bahari Aliyehesabu Pepo kwa Jua

Wazee wetu wa Sur walikuwa wakienda Unguja na kaskazi na kurudi na kusi. Elimu ya pepo hizo ilikwishaandikwa zaidi ya miaka 500 iliyopita na Ahmad bin Majid, ambaye wengi humwita Simba wa Bahari.

Alizaliwa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, katika karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa waalimu wa vyombo, mabingwa wa Bahari ya Shamu. Zama hizo mwalimu ndiye aliyeongoza chombo kwa nyota, na roho za watu zilikuwa mikononi mwake. Ahmad aliirithi kazi hiyo, akaandika mashairi mengi ya safari, likiwemo la njia ya pwani ya Afrika mpaka Sofala. Kitabu chake kikubwa, Al-Fawaid, alikiandika kiasi cha mwaka 1490.

Humo alipanga misimu ya safari kwa siku za Nairuzi, yaani mwaka wa jua, ule ule ambao Makunduchi wanausherehekea kwa Mwaka Kogwa. Mwaka wa mwezi hupungua kiasi cha siku 11, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Upepo hauzunguki hivyo. Jua likipanda kaskazini, bara la Asia hupata joto, hewa yake hupanda, na kusi huvutwa kutoka Afrika. Jua likirudi kusini, bara hupoa na kaskazi huvuma. Mwalimu aliyekosea hesabu alikutwa na kusi kali katikati ya bahari, na chombo kikapotea.

Jina lake limebeba lawama moja nzito, kwamba mwaka 1498 alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India. Khabari hiyo iliandikwa Makka miongo mingi baadaye. Wareno wenyewe walimtaja rubani wao kuwa ni Mgujarati, na wanahistoria wengi leo wanamwondolea Ahmad tuhuma hiyo. Kwa watu wa Sharqiyah jambo hili si dogo, maana mwaka 1508 Wareno waliichoma Qalhat, jirani ya Sur.

Shairi lake la mwisho tunalolijua ni la kiasi cha mwaka 1500.

Mwaka 2001 wanasayansi walitangaza khabari ya jiwe lililoota kwa matone ya maji katika Pango la Hoti, karibu na Al Hamra, Dakhiliyah. Tabaka zake za kati ya miaka kiasi ya 9,000 na 6,000 iliyopita zilionyesha kwamba jua lilipozidi nguvu, mvua za kusi nazo zilizidi, na lilipopungua zilipungua. Ahmad hakuyajua hayo, lakini alikwishajua kwamba anayetaka kuujua upepo ahesabu kwa jua.

Mwenyezi Mungu amrehemu.