SAMUEL PLIMSOLL, RAFIKI WA MABAHARIA

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumesoma mara nyingi maisha ya wafalme, majemadari na wapelelezi wa nchi. Leo naomba nafasi niwaeleze habari za muuza makaa mmoja. Hakushinda vita wala hakugundua ziwa, lakini alama yake imepakwa rangi ubavuni mwa kila meli kubwa ya mizigo ivukayo bahari. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na kazi yangu sasa ni ukarani wa shehena huko Port Bell, kwa hiyo habari hizi nakutana nazo kila siku. Hata hivyo nadhani wasomaji ambao hawajapanda chombo chochote watapata faida.

Samuel Plimsoll alizaliwa tarehe 10 Februari 1824 katika mji wa Bristol, Uingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi ya ushuru. Baadaye jamaa yote ilihamia kaskazini, ikakaa Sheffield, mji wa wafua vyuma. Samuel aliacha shule angali kijana akaingia ukarani katika kiwanda cha pombe. Alikuwa mwepisi wa hesabu na mwaminifu, akapandishwa cheo hata akawa msimamizi wa kiwanda hicho.

Mwaka 1853 aliamua kujitegemea. Akaenda London kufanya biashara ya makaa ya mawe. Biashara haikwenda, fedha zikaisha, akafilisika. Yule aliyekuwa msimamizi sasa akalala katika nyumba za kupanga za maskini, akihesabu shilingi zake chache kila juma ili zimfikishe Jumamosi. Huko aliona jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote: watu wasio na kitu ndio waliogawana kidogo walicho nacho, na mtu aliyerudi bila kazi alipewa chakula na jirani ambaye kesho yake huenda atakosa mwenyewe. Plimsoll aliandika baadaye kwamba siku zile ndizo zilizomfundisha kuwaheshimu watu wa kazi.

Basi akainuka tena. Alipata njia ya kuleta makaa London kwa gari la moshi, akatajirika. Akamwoa Eliza Railton, mwanamke hodari ambaye alikuwa msaidizi wake katika kila shauri. Mwaka 1868 watu wa mji wa Derby wakamchagua awe mjumbe wao katika Bunge.

Sasa inafaa niwaeleze hali ya mabaharia wa Uingereza wakati ule, maana bila kuijua hamtafahamu hasira ya mtu huyu. Hakukuwa na sheria iliyosema meli ipakiwe kiasi gani. Mwenye meli aliweza kujaza ngama mpaka juu, kisha akapanga mzigo mwingine juu ya sitaha, hata bahari ikakaribia kulamba sitaha chombo kingali bandarini. Kila tani iliyoongezwa ilileta nauli zaidi. Na ikiwa chombo kimezama? Kilikuwa na bima, na mara nyingine bima hiyo ilizidi thamani ya chombo chenyewe. Mwenye meli hakupata hasara; pengine alipata faida. Waliopotea ni mabaharia, na wajane wao hawakuwa na bima.

Tena kulikuwa na jambo baya zaidi. Baharia aliweka sahihi katika mkataba wa safari mara nyingi kabla hajaiona meli yenyewe. Akifika gatini akaona mbao zimeoza au chombo kimelemewa, akakataa kupanda, basi alishitakiwa kwa kuvunja mkataba na kutiwa gerezani. Wengi walifungwa namna hiyo. Mtu alichaguzwa kati ya jela na chombo kibovu. Watu wakaziita meli hizo majeneza yanayoelea.

Plimsoll hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. James Hall, mwenye meli wa upande wa Newcastle, alikuwa amekwisha kusema kwamba kila meli ichorwe mstari wa kuonyesha mwisho wa kupakia. Plimsoll alilichukua wazo hilo akalipeleka Bungeni, na Bunge halikumsikia. Katika Bunge lile walikuwamo wenye meli wenyewe.

Alipoona hivyo, aliwageukia wananchi. Mwezi wa Januari 1873 alitoa kitabu kilichoitwa Our Seamen, yaani Mabaharia Wetu. Ndani yake alieleza mambo ya bima, ya meli kuukuu zilizopewa jina jipya ili zionekane mpya, na ya wajane aliowatembelea nyumbani mwao. Hakusema kwamba wenye meli wote ni waovu. Alikiri kwamba wengi wao walikuwa waangalifu, na kwamba wachache wasiojali ndio walioua watu. Hata hivyo alishitakiwa kortini kwa kuharibu majina ya watu, na kesi zilimgharimu fedha nyingi. Serikali ikaunda tume ya kuchunguza jambo lile. Mwaka 1874 tume ikatoa taarifa yake, na haikukubali mstari wa kupakia uwekwe kwa sheria.

Ni haki tuwasikilize na wapinzani wake, maana hoja zao zasikika hata leo. Walisema kwamba nahodha ndiye ajuaye chombo chake, si karani wa serikali. Walisema kwamba meli za Uingereza zikipakia kidogo, nauli itapanda, na wageni wasio na sheria hiyo watanyakua biashara yote. Walisema pia kwamba serikali ikianza kuingia katika mambo ya biashara, haitajua pa kukoma. Hoja ya wageni ilikuwa na uzito, nami nitairudia.

Mwaka 1875 serikali ya Waziri Mkuu Disraeli ilileta mswada juu ya usalama wa meli. Ulikuwa dhaifu, lakini Plimsoll aliona kidogo ni afadhali kuliko kukosa. Tarehe 22 Julai Waziri Mkuu akatangaza kwamba mswada huo umeondolewa, kwani nafasi haitoshi. Plimsoll akasimama. Alijua kwamba kungojea mwaka mwingine ni kungojea baridi nyingine na tufani nyingine. Akapaza sauti, akawaita wenye meli waliomo Bungeni watu wabaya wanaopeleka mabaharia kwenye mauti, akatikisa ngumi. Spika akamtaka aliondoe neno lile, akakataa, akatakiwa atoke nje. Wakati huo mke wake Eliza alikuwa katika roshani ya wanawake, akigawa karatasi zenye maneno ya kupinga.

Baada ya juma moja alirudi Bungeni akaomba radhi kwa maneno yake makali, lakini hakuondoa hata jambo moja la kweli alilolisema. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imewaka. Mikutano ilifanywa katika miji mingi, na wachimba makaa wa Yorkshire, watu wa chini ya ardhi wasiojua bahari, walikuwa wamechanga fedha kwa ajili ya mabaharia. Serikali ikaharakisha sheria ya muda ya kuwapa wakaguzi uwezo wa kuzuia meli mbovu, na ya kuwawezesha mabaharia kutoa malalamiko. Mwaka 1876 ikaja sheria ya kudumu, na mstari wa kupakia ukawa lazima.

Lakini angalieni kasoro ya sheria hiyo. Ilisema mstari uchorwe. Haikusema uchorwe wapi. Mwenye meli aliuweka apendapo. Inasimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Cardiff aliuchora juu ya bomba la moshi, kama mzaha. Ikapita miaka 14 mpaka 1890, ndipo sheria nyingine ikaamuru mstari upimwe na wataalamu kwa kufuata hesabu za umbo la meli. Miaka yote hiyo Plimsoll hakukaa kimya. Mwaka 1880 alikiacha kiti chake cha Bunge, akampisha waziri aliyekosa kiti chake, akaendelea na kazi nje. Alikuwa rais wa heshima wa chama cha mabaharia kilichoundwa mwaka 1887, na mwaka 1890 aliandika kitabu juu ya mateso ya ng'ombe waliovushwa bahari ya Atlantiki katika meli zilizosongamana. Alikufa Folkestone tarehe 3 Juni 1898, mwenye umri wa miaka 74. Mwaka 1929 mabaharia walimjengea sanamu kando ya mto Thames, London.

Je, ile hoja ya wageni? Jibu lake halikuwa kuiacha sheria, bali kuieneza. Kwa sheria ya mwaka 1906 meli za kigeni zilizotumia bandari za Uingereza zililazimishwa kufuata mstari. Mwaka 1930 mataifa mengi yalitia sahihi mapatano ya mstari wa kupakia, na mwaka 1966 yakatengenezwa upya. Hivyo aliyepakia kwa uangalifu hakushindwa tena na asiyejali.

Mkifika Kilindini, Mombasa, tazameni ubavu wa meli katikati. Mtaona duara lililokatwa na mstari mmoja, na kando yake mistari mifupi kama ngazi, yenye herufi. Kila mstari ni mpaka wa maji ya namna yake: maji matamu, bahari ya joto, wakati wa kiangazi, wakati wa baridi. Wanafunzi wa fizikia watajua sababu. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, na ya maji matamu kilo 1,000. Kwa hiyo meli ile ile na mzigo ule ule huzama zaidi kidogo katika maji matamu. Hata viatu vya turubai vyenye soli ya mpira, ambavyo sisi twaviita raba, Waingereza waliviita plimsoll kwa sababu ya ule utepe wa mpira unaovizunguka.

Watu wa pwani husema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo hufariji wafiwa, lakini karani wa shehena hana ruhusa ya kuitumia. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia walikufa katika ziwa letu hili, nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Mwezi wa Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa na watu zaidi ya 2,000, ilhali kibali chake kilikuwa cha watu 600 hivi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Sheria zilikuwapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga hata sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007. Lakini sheria haihesabu magunia. Mtu ndiye ahesabuye.

Katika kazi yangu nimeombwa zaidi ya mara moja niandike magunia pungufu ya yale yaliyopakiwa. Mwombaji huwa si mtu mwovu. Ana deni, ana haraka, na mshindani wake amekwisha kung'oa nanga. Mimi humjibu kwamba daftari halibadiliki, naye huondoka amenuna. Nikifikiri habari za Plimsoll naona kwamba sheria humsaidia hata mfanyabiashara huyo, maana akijua kwamba mshindani wake naye atapimwa kwa mstari ule ule, hana haja tena ya kuhatarisha roho za watu ili apate riziki.

Ninyi mlio madarasani sasa, baadhi yenu mtakuwa wakaguzi, wengine makarani, wengine wenye magari, viwanda na vyombo vya majini. Mkiletewa karatasi ya shehena mtie sahihi, tokeni kwanza nje mkautazame mstari.