Nahodha Larsen na Nyangumi wa Kusi

Kila mwaka upepo wa kusi uvumapo, hasa kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hufika katika bahari ya pwani yetu. Wavuvi wanaovuka mwamba huwaona wakiruka, na huko Watamu watalii hulipia safari za kwenda kuwatazama. Nyangumi hawa si wenyeji wa mwaka mzima. Hula na kunenepa katika bahari ya barafu inayoizunguka Antaktika, kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa na kunyonyesha katika maji yetu ya joto. Kwa hivyo, mwanafunzi wa Likoni, Kisauni au Changamwe asidhani kwamba mambo ya bahari ya barafu hayamhusu. Katika makala haya nakusudia kueleza maisha ya Carl Anton Larsen, nahodha wa Norwe aliyefariki yapata karne moja iliyopita, kwa kuwa naamini yana funzo kwa taifa lolote lenye bahari.

Larsen alizaliwa Agosti 1860, karibu na mji wa Larvik. Alikulia miongoni mwa mabaharia, akaanza kuwinda sili angali kijana, na hatimaye akahitimu unahodha. Kati ya 1892 na 1894 aliongoza meli ya Jason hadi Antaktika mara mbili kutafuta nyangumi. Aina aliyotumwa kuitafuta hakuipata, lakini aliona makundi makubwa ya nyangumi wengine, wepesi na wenye nguvu, ambao hakuwa na zana za kuwakamata. Katika safari hizo aliokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Aidha, alipita kando ya uwanda mkubwa wa barafu inayoelea ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ni uwanda huo uliotajwa ulimwenguni kote mwaka 2002, sehemu yake kubwa ilipovunjika.

Mwaka 1901 akawa nahodha wa meli ya Antarctic, iliyowachukua wanasayansi wa Uswidi chini ya Otto Nordenskjöld. Februari 1903 meli hiyo ilibanwa na barafu, ikazama. Larsen na mabaharia wake walijikokota hadi kisiwa cha Paulet, wakajenga kibanda cha mawe, wakaishi humo majira yote ya baridi kwa nyama ya penguini na sili. Mmoja wao alifariki. Barafu ilipolegea, Larsen na wenzake watano walipiga makasia katika mashua iliyo wazi kwenda kuwatafuta wanasayansi, na Novemba mwaka huo wote wakaokolewa na meli ya Argentina. Mtu wa ushujaa kama huo hawezi kudharauliwa, nami simdharau.

Buenos Aires iliwapokea kwa shangwe na karamu. Larsen alitumia fursa hiyo kuwashawishi matajiri wa huko watoe mtaji, na Februari 1904 kampuni ya kuwinda nyangumi ikaundwa. Novemba mwaka huo alifika kisiwa cha South Georgia na kujenga kituo cha Grytviken. Safari hii alikuwa na meli ya mvuke na chusa chenye baruti, kilichobuniwa na Mnorwe mwingine, Svend Foyn. Chusa hicho kilirushwa kwa mzinga na kulipuka ndani ya mwili wa mnyama. Katika msimu wa kwanza nyangumi walikuwa karibu mno hata hapakuwa na haja ya kutoka nje ya ghuba. Wengi wao walikuwa wenye nundu, ambao huogelea polepole na kupenda kukaribia nchi kavu. Shahamu yao ilichemshwa ikawa mafuta ya sabuni na ya taa.

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Kampuni nyingine zilifuata nyayo za Larsen, kila moja na vyusa vyake. Ilhali nyangumi mwenye nundu hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa ndama mmoja tu, na aghalabu hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa tena. Mnyama wa namna hiyo hawezi kushindana na mzinga. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, nyangumi wenye nundu walikuwa wamekwisha kupungua sana South Georgia. Larsen hakuwa mtu katili. Aliishi kisiwani na mkewe na watoto wake, na mwaka 1913 akajenga kanisa ambalo bado limesimama. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba bahari moja ilipopungua alitafuta nyingine.

Serikali ya Uingereza, iliyotawala kisiwa hicho, ilikuwa imeanza kudai leseni na kukataza kuuawa kwa nyangumi wenye ndama. Sheria hiyo iliwafunga wale waliohitaji bandari. Mwaka 1923 Larsen, akiwa na umri wa miaka 63, aliongoza meli iliyokuwa kiwanda kinachoelea hadi bahari ya Ross, mbali zaidi kusini. Yeye alikuwa na leseni, lakini njia aliyoifungua ilipitiwa na wasiokuwa nayo. Kuanzia 1925 meli za namna hiyo zilitengenezewa mteremko wa kumpandishia nyangumi mzima, zikawa hazihitaji tena bandari ya mtu wala leseni yake. Larsen hakuyaona hayo, kwani alifariki Desemba 1924 akiwa melini katika bahari ya Ross. Katika msimu wa 1930 hadi 1931 pekee, zaidi ya nyangumi 40,000 waliuawa katika bahari za kusini.

Mkataba wa kimataifa ulitiwa sahihi mwaka 1946, lakini uwindaji wa nyangumi wenye nundu wa kusini mwa dunia haukupigwa marufuku hadi 1963. Hata baada ya hapo, meli za Urusi ya Kisovieti ziliendelea kwa siri na kuandika idadi za uongo. Vituo vya South Georgia vilipofungwa miaka ya 1960, vilikuwa vimepokea nyangumi wapatao 175,000. Upande wetu wa Afrika, wawindaji wa Norwe walikuwa wamefika Durban mwaka 1908, kisha Msumbiji, katika njia ya nyangumi wanaopanda kaskazini. Watu wa pwani hii hawakuulizwa lolote.

Mambo yalianza kubadilika nchi ndogo zilipopata kauli. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Ushelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi. Kenya ilijiunga na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi mwaka 1981. Mwaka uliofuata tume hiyo iliamua kusimamisha uwindaji wa biashara, uamuzi ulioanza kutekelezwa 1986. Tangu hapo nyangumi wenye nundu wameongezeka tena.

Mwaka huo huo wa 1986, Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mbele ya fuo za Kisauni. Wavuvi walinung'unika, nao walikuwa na haki, maana walinyimwa sehemu kubwa ya mahali walipovua. Hata hivyo, uchunguzi wa baadaye ulionyesha samaki wakiongezeka ndani ya hifadhi na kuvuka mpaka hadi katika malema ya wavuvi walio nje. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku juya la kukokota, ambalo hukusanya hata vidagaa visivyokomaa. Simfananishi mvuvi maskini na kampuni za nyangumi. Tofauti yao ni kubwa: Larsen alikuwa na bahari nyingine ya kukimbilia, ilhali mvuvi wa Mtongwe mwenye ngalawa hana. Kwa sababu hiyo mipaka yetu haina budi kuwekwa mapema, mvuvi mwenyewe akiwa katika kamati inayoiweka, na isimamiwe kwa meli kubwa za kigeni kama inavyosimamiwa kwa ngalawa.

Nawasihi walimu wa jiografia na historia waifundishe safari ya nyangumi kwa ramani, kutoka barafuni hadi Kilindini. Sisi wa lugha tunajua kwamba neno huweza kubaki katika kamusi baada ya kitu chenyewe kutoweka. Watoto wengi wa Mombasa wanalijua neno nguva kwa hadithi tu, kwa kuwa mnyama huyo amekuwa adimu mno katika maji yetu. Nisingependa neno nyangumi nalo lifikie hapo.