Grace Hopper: Mwalimu wa hesabu aliyeingia kwenye kompyuta akiwa na miaka 37

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali hurudi katika nyumba nyingi za Mpanda, Mlele na Tanganyika: kijana anayetaka kusoma TEHAMA aanzie wapi? Mzazi ameuza magunia ya mpunga, ada ipo ya mara moja tu, na kijana mwenyewe huenda hajawahi kumiliki kompyuta. Akichagua kozi isiyomfaa, hakuna mpunga mwingine wa kuuza mpaka msimu ujao.

Leo, msikilizaji wetu, tunakuletea maisha ya Grace Hopper, mama wa Kimarekani aliyefariki zaidi ya miaka 30 iliyopita. Tumemchagua kwa sababu anatajwa duniani kote kati ya waanzilishi wa kazi ya kuandika programu za kompyuta, lakini kazi hiyo hakuisomea chuoni. Wakati wake hapakuwa na chuo cha kuisomea.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka 7 alifungua saa za mezani za nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, ili aone zinavyofanya kazi ndani. Alipoomba kujiunga na chuo cha wasichana cha Vassar hakupokelewa mara ya kwanza, kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa chini. Aliingia mwaka uliofuata, akamaliza masomo ya hesabu na fizikia mwaka 1928, kisha akapata shahada ya udaktari wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu, palepale Vassar. Darasani aliwataka wanafunzi wa hesabu waandike insha, waeleze kwa maneno ya kawaida kile walichokokotoa. Baadhi yao walinung'unika kwamba walikuja kusoma hesabu na si lugha. Yeye aliona kuwa asiyeweza kumweleza mwenzake bado hajaelewa.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, aliomba kujiunga na jeshi la wanamaji. Aliambiwa umri umekwenda na uzito wake ni mdogo. Hakukata tamaa, akapewa kibali maalumu na kuingia Desemba 1943. Mwaka 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa karibu tani 5, na ilikokotoa hesabu za kijeshi. Grace alijifunza kuiandikia maelekezo huku kazi ikiendelea. Kisha akapewa jukumu la kuandika mwongozo wake, kitabu cha zaidi ya kurasa 500. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayejua kueleza, na ualimu ulikuwa umeshamwandaa.

Vita vilipokwisha, Vassar walimtaka arudi na kumpa cheo cha profesa. Alikataa, akabaki na mashine kwa mkataba wa muda. Ulipofika mwaka 1949 mkataba ukaisha na Harvard hawakuwa na nafasi ya kudumu kwake. Akiwa na miaka 42 ilibidi aanze upya, katika kampuni changa ya kutengeneza kompyuta mjini Philadelphia, ambayo yenyewe ilikuwa na shida ya fedha.

Hapo ndipo alipofanya kazi iliyompa jina. Siku hizo maelekezo ya kompyuta yaliandikwa kwa tarakimu tupu, na wachache sana waliyaweza. Mwaka 1952 alitengeneza programu ya kuifanya kompyuta yenyewe ikusanye maelekezo na kuyageuza kuwa tarakimu inazozielewa. Wengi hawakuamini, kwani kwao kompyuta ilikuwa ya kujumlisha na kutoa tu. Baadaye yeye na wenzake wakatengeneza lugha ya programu iliyotumia maneno ya Kiingereza cha kawaida, ili hata karani wa hesabu za biashara aweze kuisoma. Mwaka 1959 kamati ya wataalamu iliichukua kama msingi mkubwa wa lugha ya COBOL. Mpaka leo kuna benki nyingi duniani zinazoendesha hesabu zake kwa COBOL.

Kwetu Tanzania, kompyuta ya kwanza ya serikali ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka kadhaa. Ndiyo maana wazazi wengi wa leo walikua bila kuiona, na huona shida kumshauri kijana.

Grace alistaafu jeshini mwaka 1966, akaitwa tena mwaka 1967 kwa miezi 6, akakaa miaka 19. Aliondoka mwaka 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali. Hakuacha kufundisha. Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30, kuonyesha umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alifariki tarehe 1 Januari 1992.

Maisha yake yanatuonyesha kuwa TEHAMA si kazi moja. Kuna kuandika programu, kutengeneza vifaa, kusimamia mitandao, kutunza takwimu na kufundisha wengine. Anayependa kufungua simu mbovu ana njia yake, na anayeweka sawa daftari la AMCOS ana yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, mzazi na kijana wakae waulizane: ni kitu gani anakifanya vizuri tayari, bila kusukumwa? Kisha wasome orodha ya masomo ya kozi, si jina lake tu, waone kama kitu hicho kimo. Hesabu na Kiingereza asiviache, kwa kuwa vitamfuata kila njia atakayoshika.